Maneno Yasiyokuwemo

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa darasa la kwanza ameniita shuleni leo. Nilidhani mtoto amevunja kitu. Alinikalisha kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakanifika kidevuni, akaniuliza: "Fundi, nyumbani kwako watoto humwona mtu mzima akiandika?"

Nikamwambia mimi huandika kutwa nzima, ndiyo kazi yangu. Nusu ya mabango ya mtaa huu yametoka mkononi mwangu.

"Hayo unachora," akasema. "Mimi nauliza kuandika. Mtu kukaa, kufikiri, kuweka neno karatasini."

Tangu mke wangu afariki, miaka minne sasa, nyumbani kwangu hakijaandikwa kitu zaidi ya vipimo vya mbao.

Basi nimefukua daftari la oda lenye kurasa tupu nyuma, nimekaa mezani mchana kweupe, naandika ili nionekane. Wananiona. Mdogo ameshaniuliza mara mbili kama nimepewa adhabu.

Hawa ni watoto wa dada yangu wa pekee, mdogo wangu. Aliwaleta wiki mbili zilizopita na begi moja, akasema, "Mvua zikiisha, kaka, nitakuwa nimejua la kufanya." Amepata kazi ya kumuuguza bi kizee asiyeinuka kitandani, safari ya siku mbili kutoka hapa. Baba yao aliondoka zamani, hatumtaji. Mkubwa ana miaka saba. Amerithi jina la mama yetu, hata kumfokea naona kama namfokea mama, kwa hiyo namwita Bibi. Mdogo ana mitano, bado hajaanza shule. Namwita Pilipili.

Bibi hajui kusoma. Hilo ndilo niliitiwa. "Si mzito," mwalimu amesema, "amehamahama tu. Dakika kumi na tano kila siku, zisizidi. Na usimkaripie."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Rangi haikauki. Kazi ya nje hakuna.

Alhamisi, 7 Machi

Somo la kwanza. Nilipiga mstari wa chaki kwenye ubao mweusi, nikaandika *ba be bi bo bu*, herufi zilizosimama sawasawa kama askari. Nikampa Bibi chaki aige. Akaandika *b* yenye tumbo lililoangukia nyuma. Nikaifuta kwa kitambaa, nikamwonyesha tena. Akaandika nyingine. Nikaifuta. Ya tatu ilikuwa *d*. Nikaifuta.

Ya nne hakuiandika. Alikiweka kile kipande cha chaki mezani polepole, akakalia mikono yake.

Pilipili, aliyekuwa chini ya meza na hakualikwa, akasema, "Ba, be, bi, bo, bu. Mjomba, ni rahisi hivyo?"

Bibi akaenda kulala na viatu saa tisa mchana.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Bibi amekataa ubao.

Jumapili, 10 Machi

Leo ni siku ya ujumbe. Mama yao hapigi simu. Alipiga mara moja, wiki ya kwanza. Pilipili aliposikia sauti alilia siku mbili mpaka akatapika, na Bibi hakutamka neno, aliishika simu sikioni tu kama mtu anayesikiliza ukuta. Tangu hapo dada yangu huleta maandishi kila Jumapili, nami nawasomea.

Huu hapa ujumbe wa leo, neno kwa neno: "Habari za huko. Mimi mzima. Mgonjwa anaendelea. Wasisumbue. Salamu kwa wote."

Nilivyowasomea ni hivi: "Wanangu wapenzi, mimi ni mzima. Ninawakumbuka asubuhi nikichota maji na jioni nikifunga mlango. Bibi, najua unajitahidi shuleni. Pilipili, usimchoshe mjomba. Nawabusu mashavu yote manne."

Pilipili alihesabu mashavu, akaona yametimia. Bibi alitazama dirishani lakini alikuwa ameacha kutafuna.

Hii ni mara ya tatu nafanya hivyo. Mdogo wangu tangu utotoni ni mtu wa maneno machache, na sasa naona hata moyo umekuwa mchache. Ningewasomea ule ukavu? Ulimi hauna mfupa. Ukishapinda mara ya kwanza, mara ya pili hauumi.

Jumatano, 13 Machi

Nilikwenda kwa mwalimu mwenyewe nikamweleza habari ya kitambaa. Alinisikiliza, kisha akasema, "Fundi, mtoto anayejifunza kutembea akianguka, wewe humfuta sakafuni?"

Akaniagiza nimwache aandike vibaya kwanza. Nimpe mahali ambapo kosa halikai. Nianze na sauti wala si sura, na nianze na jina lake mwenyewe.

Nimechukua sinia, nimemwaga unga wa mbao laini unaobaki nikipiga msasa. Ukiandika kwa kidole herufi inaonekana, ukitikisa sinia imepotea, hakuna aliyeshuhudia. Bibi alilizunguka sinia lile kama kuku anavyozunguka kitu kipya. Baadaye nikiwa naosha brashi uani nilisikia likitikiswa. Likatikiswa tena. Sikugeuka.

Alhamisi, 14 Machi

Amelitikisa sinia mara arobaini. Pilipili kahesabu.

Jumamosi, 16 Machi

Mama Mkunga wa nyumba ya pili alikuja kuazima ngazi, akakaa saa mbili. Ni mkunga mstaafu, na hakuna mlango wa mtaa huu ambao kwake ni mlango. Aliangalia kadi za silabi nilizokata kwenye maboksi na kuzitandika sakafuni, akaruka *ka* na *ko* kwa vidole vya miguu.

"Mwanamume mzima unacheza karata na watoto," akasema.

"Nawafundisha kusoma, Mama Mkunga."

"Nilisikia. Mtaa mzima umesikia *ma me mi mo mu*. Paka wangu sasa anajua mpaka *mu*." Kisha akanitazama usoni. "Una sura ya mtu anayekula, fundi. Ulikuwa umechakaa."

Alipoondoka niligundua ameacha ngazi.

Jumanne, 19 Machi

Leo mvua ilikata mchana. Nikawachukua matembezi mpaka barabarani kununua misumari. Tulipopita kwenye kibanda cha kinyozi, Bibi akasimama, nikahisi mkono wake umekaza ndani ya wangu. Midomo ilikuwa inachezacheza.

"Ki," akasema. Akanyamaza muda mrefu, dereva wa mkokoteni akapiga mluzi tumpishe, hatukumpisha. "Nyo." Akanyamaza. "Zi."

Kisha akaliunganisha, na nikaona usoni mwake neno likimwingia: "Kinyozi. Mjomba, pale pameandikwa kinyozi. Na kweli ni kinyozi."

Bango lile nililiandika mimi, mwaka ambao mke wangu alikuwa hai. Nimepita chini yake mara elfu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona mtu analisoma.

Njiani kurudi alisoma *duka*, *unga*, *dawa*, na nusu ya *hairuhusiwi*. Misumari tuliisahau.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Bibi kasoma kopo la rangi, boksi la sabuni, na kwa sauti kubwa maelezo ya dawa yangu ya tumbo, Mama Mkunga akiwa mlangoni.

Jumapili, 24 Machi

Ujumbe: "Mimi mzima. Mvua nyingi huku. Wasisumbue. Salamu."

Niliusoma kwa dakika nzima. Nilimtia bi kizee mgonjwa anayeomba kusimuliwa habari za Pilipili kila jioni. Nilitia ndege kwenye dirisha la mama yao. Nilipomaliza, Bibi akauliza, "Jina langu lipo?"

"Lipo."

"Nionyeshe."

Nikasema simu inaishiwa chaji, nikaizima kabisa mbele yake.

Alhamisi, 28 Machi

*Ng'ombe* imetuletea taabu. Bibi anataka kujua kile kialama cha juu kina kazi gani. Nimemwambia ni mlinzi, anamzuia *g* asiongee. Pilipili anataka mlinzi wa kuweka kwa Mama Mkunga.

Jumanne, 2 Aprili

Ujumbe umekuja leo, wala si Jumapili.

"Kaka. Mwenye nyumba amenipa chumba cha nyuma. Kitanda kimoja. Nafasi ya mtoto mmoja tu. Nitakuja mwisho wa mwezi. Nitamchukua mdogo. Mkubwa abaki kwako. Usiwaambie bado."

Nimekaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Nilikasirika kwanza. Watoto si viatu kwamba utachukua mmoja. Lakini daftari hili nimeliahidi kweli, hata kama midomo yangu siku hizi haiahidi kitu, kwa hiyo naandika: chini ya hasira kulikuwa na furaha ndogo, ya wizi. Mmoja atabaki. Sitarudi kula nimesimama.

Niliona aibu mpaka nikatoka nje nikasimama mvuani.

Watoto walipouliza nilisema mama anawasalimu tu. Bibi aliuliza, "Mbona maneno mengi kwa salamu?" Nikasema ni salamu ndefu.

Alhamisi, 4 Aprili

Bibi kaniuliza, "Mjomba, *nafasi* maana yake nini?"

"Ni mahali pa mtu kukaa," nikamwambia. Nimefurahi. Mwalimu alisema mtoto akianza kuuliza maana, ameshavuka mto.

Jumamosi, 6 Aprili

Jambo la ajabu. Bibi ameanza kumfundisha Pilipili. Amemkalisha mezani, amempa sinia, anamwongoza kidole. Sikumtuma. Nilikaa pembeni na brashi zangu najifanya nasafisha, nimejaa fahari. Mwanafunzi amekuwa mwalimu.

Jumatatu, 8 Aprili

Somo la Bibi: asubuhi kabla ya shule, mchana baada ya shule. Dakika kumi na tano zimekuwa saa.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua, na *cha che chi cho chu*.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo Pilipili amelia. Nilimkuta kapiga magoti kitini, kidole kimejaa wino, na Bibi amesimama juu yake kama bwana nyapara. "Tena," anasema. "Andika tena. Dada. Da, da. Hilo ni *b*, utakuwa umeandika *baba*, nani kakutuma uandike baba?"

"Nimechoka," Pilipili akasema. "Sitaki kujua. Mimi bado mdogo."

"Ndiyo maana," Bibi akasema, na sauti yake ikakatika pale.

Niliingilia kati, nikamwambia Bibi asiwe mkali, mtoto wa miaka mitano hana haraka.

"Anayo," akasema, akaenda uani.

Nikadhani ukali huo kautoa kwangu, siku zile za kitambaa. Nimelala mchana kidogo na kichwa kinauma.

Jumapili, 14 Aprili

Naandika polepole leo ili nisiruke kitu.

Ujumbe ulikuja saa nne: "Mzima. Nakuja tarehe 27. Salamu." Nikaketi katika kiti changu, nikawaita, nikaanza kama kawaida. "Wanangu wapenzi, ninawakumbuka asubuhi nikichota maji..."

"Mjomba," Bibi akasema.

"Subiri nimalize."

"Mjomba, unasoma maneno ambayo hayapo."

Alisema kwa upole kabisa, kama anayemwambia mtu kwamba kifungo cha shati kimefunguka. Alisogea, akaweka kidole kwenye kioo cha simu chini ya neno la kwanza, kama nilivyomfundisha, akasoma. *M-zi-ma. Na-ku-ja. Ta-re-he.* Ulikwisha mapema sana. Kidole kilibaki pale mwisho, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Mashavu hayapo," akasema.

Pilipili akaniangalia. "Yako wapi?"

Nilimpa Pilipili kopo la vifungo akavipange uani kwa Mama Mkunga, nikabaki na Bibi. Nikamuuliza tangu lini anajua.

"Tangu ile ndefu. Uliacha simu mezani ukaenda kusimama kwenye mvua. Niliisoma mara nyingi. Neno moja sikulijua, nikakuuliza."

Nafasi. Nami nilijibu kwa furaha.

Siku kumi na mbili mtoto wa miaka saba amekaa na jambo hilo, akaenda shule nalo, akalala nalo ubavuni mwa mdogo wake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Imeandikwa *usiwaambie*. Nikajua hutaki."

"Na Pilipili? Kwa nini unamkazania hivyo?"

Akaanza kukusanya kadi za silabi mezani, akazipanga kingo zikalingana. "Akienda kule hatanikumbuka. Bado mdogo, wadogo husahau. Akijua kuandika ataniandikia. Lakini *cha che chi* bado hajaweza, na tarehe imekaribia."

Yale niliyodhani ni fahari yangu ya ualimu, kumbe ni mtoto anamfungia mdogo wake mzigo wa safari.

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti, kwa sababu alikuwa mfupi na mimi sikutaka kusemea juu. Nikamwambia yale maneno nilitunga mimi, kwa kuwa niliona wanayahitaji. Akafikiri.

"Yalikuwa mazuri," akasema. "Lakini sasa sijui mama huwa anasema nini."

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemweleza Mama Mkunga yote. Sikuwa na mwingine wa kumweleza. Hilo peke yake lilinishangaza nilipokuwa nabisha mlango wake.

"Mficha uchi hazai," akasema, "na mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu, najua nisemalo. Mwandikie dada yako. Mwambie watoto wanajua."

"Ni mtu mkavu, Mama Mkunga."

"Umewahi kumuuliza kwa nini?"

Sikuwahi. Nimemwandikia dada yangu ujumbe mrefu, aya tatu. Jibu limekuja jioni: "Sawa."

Jumatano, 17 Aprili

Tumemwambia Pilipili. Aliuliza kama kule kuna kuku. Kisha akauliza kama Bibi atalala katikati au pembeni ya kitanda. Bibi akamwambia yeye haendi.

Alhamisi, 18 Aprili

Pilipili haongei. Mvua.

Jumamosi, 20 Aprili

Bibi amepunguza ukali. Wanasoma wakiwa wamelala kifudifudi kwenye mkeka mmoja. Pilipili ameandika *dada* bila kuongozwa. *D* zote mbili zinaangalia upande wake.

Jumatano, 24 Aprili

Jua limewaka kwa saa mbili. Nimepaka bango la zahanati, koti la kwanza la rangi.

Jumamosi, 27 Aprili

Amefika saa saba mchana. Nilimtazama akishuka na mfuko wake na nikaona mtu aliyekonda, mikono imebabuka kwa sabuni na maji ya moto. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumatatu ile. Yalipungua nilipoiona ile mikono.

Pilipili alimrukia shingoni, hakushuka. Bibi alisema, "Shikamoo mama," akapokea mfuko. Mama yake alimshika kichwa kwa viganja viwili akakaa naye hivyo, wote wawili kimya. Nikaona wanafanana kunyamaza.

Baada ya kula, Pilipili alileta zawadi yake. Wiki nzima amekuwa akiiandaa kwenye kipande cha mbao nilichompa, kwa rangi ya bluu, herufi kubwa zenye kupanda mlima: MAMA KARIBU. Akamwekea magotini.

Dada yangu aliitazama. Akapitisha kidole kwenye rangi. "Umechora vizuri, mwanangu," akasema.

"Sijachora. Nimeandika. Nimeandika nini?"

Mama yake akatabasamu. Akaigeuza mbao kidogo kuelekea mwanga, akaitazama tena, midomo ikaanza kusogea ikakwama. Tukasikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Bibi alikuwa anamtazama mama yake usoni, na mimi niliuona uso wa Bibi ukibadilika, kama siku ile kwenye kibanda cha kinyozi neno lilipomwingia.

"Ameandika *mama karibu*," Bibi akasema haraka. "Rangi imemwagika kidogo, haisomeki vizuri."

Rangi haikuwa imemwagika.

Watoto walipotoka uani nilimuuliza dada yangu, "Zile jumbe huwa unaandikaje?"

"Mpishi wa pale ndiye ananiandikia. Akipata muda."

"Na maneno yako yako wapi?"

"Kaka, ni mtu wa nje. Anasimama na kijiko mkononi, anasema haya, sema upesi. Nitamwambiaje maneno ya ndani? Nimwambie amwandikie mwanangu kwamba nalala na kitambaa chake? Nasema mzima, basi."

"Lakini ulisoma. Ulikuwa darasa la pili."

"Nilikuwa. Mwaka ule ulipopelekwa kujifunza ufundi, mama aliugua. Nani alibaki kumpikia? Niliacha. Kile kidogo nilichokuwa nacho kimefifia. Najua *ma*, najua *a*. Nikitazama kwa haraka vinakimbia."

Miaka thelathini na tano. Nimeandika mabango ya mji mzima na sikujua kwamba dada yangu hayasomi. Nilipoondoka nyumbani nilidhani nimeacha kila kitu kama kilivyokuwa, na kila niliporudi nilimkuta mtu wa maneno machache, nikamwita mkavu. Nilijaza maneno yake ya uongo, na hata siku moja sikujiuliza ya kweli yamezuiliwa wapi.

Nikamwomba awachukue wote au awaache wote. Akatikisa kichwa. Amejaribu. Mwenye nyumba kasema mmoja, na kazi nyingine hana.

"Kwa nini mdogo?" nikauliza.

"Mdogo atanisahau. Mkubwa hawezi kunisahau hata akitaka."

Nikamwambia hayo amwambie Bibi mwenyewe, kwa mdomo wake, bila mimi wala mpishi. Wamekaa uani juu ya ile ngazi aliyoiacha Mama Mkunga, mmoja juu mwingine chini, mpaka manyunyu yakawarudisha ndani. Sikusikia kilichosemwa. Bibi aliingia na macho mekundu, akaniuliza kama sinia bado lina unga wa mbao.

Jumapili, 28 Aprili

Wamekaa watatu kuzunguka sinia tangu asubuhi. Nimekwenda kupaka bango la zahanati koti la pili. Nilichelewa kurudi makusudi.

Jumatatu, 29 Aprili

Wameondoka. Tuliwasindikiza mpaka kituoni. Pilipili alikuwa na begi lenye kadi za silabi zote. Bibi hakubakisha hata moja. Alimfunga mdogo wake vifungo vya koti, kutoka chini kwenda juu, na nilikuwa karibu kiasi cha kusikia:

"Ukifika mfundishe mama. Dakika kumi na tano, zisizidi. Akikosea usimfokee. Tikisa tu aanze tena."

"Wewe ulinifokea," Pilipili akasema.

"Mimi nilikuwa na haraka."

Dada yangu alimkumbatia Bibi muda mrefu mpaka utingo akagonga bati. Kisha gari likaondoka, na pale lilipokuwa limesimama pakawa na madimbwi tu.

Tulirudi kwa miguu. Bibi hakusoma bango hata moja. Nami sikumwambia asome.

Jumanne, 30 Aprili

Sahani mbili.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua inaelekea kukata. Bibi anakwenda shule, anarudi, anakaa kitandani upande wake, hajaingia upande wa pili. Mama Mkunga kaja na uji wa kutosha watu sita. Kasema wawili ni watu pia.

Jumapili, 5 Mei

Hakuna ujumbe. Bibi aliketi mezani saa nne kamili, simu mbele yake, mpaka saa nane. Nilitamani kutunga. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilikuwa na maneno tayari kichwani, na ndege wake dirishani. Badala yake nikasema, "Haujaja, mama."

"Naona," akasema.

Jumanne, 7 Mei

Jua. Kazi tatu zimerudi kwa mpigo. Nimezikubali zote, na jioni nimekuta mikono inatenda na moyo haupo.

Jumatano, 8 Mei

Mwalimu kanisimamisha njiani. Bibi sasa anasoma mbele ya darasa. "Anasoma vizuri, ila kwa sauti ya mtu aliye peke yake chumbani." Nadhani hata mimi ndivyo ninavyosoma.

Jumamosi, 11 Mei

Nilikuwa uani nakoroga rangi ya kijani, Bibi anafua soksi zake, simu ikalia mezani. Niliifikia kwanza. Niliona tu kwamba ujumbe ni mrefu kidogo, kwamba hakuna nukta hata moja, maneno yameshikana mengine yamekatika katikati, na *d* nyingine inaangalia nyuma kwa namna pekee ambayo simu inaweza, yaani pale palipotakiwa *d* pamekaa *b*. Na neno la kwanza kabisa lilikuwa jina la Bibi, lile la mama yetu, limekosewa herufi moja.

Sikuendelea. Macho yangu yalitaka. Niliifunika simu kwa kiganja, nikamwita, nikampa.

Alifuta mikono kwenye gauni. Aliisoma imesimama wima mbele ya uso wake, midomo ikisogea bila sauti, akarudi mwanzo, akaisoma tena. Mahali fulani alicheka kidogo puani. Mahali pengine alisimama, akameza mate, akaendelea. Ilimchukua muda mrefu. Rangi yangu iliota ngozi juu.

Kisha akaniuliza, "Mjomba, naweza kujibu mwenyewe?"

"Unaweza."

Akaichukua simu akaenda nayo kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, mgongo kwangu. Hakuniambia umesema nini. Nami sikuuliza. Nilikaa uani na kopo langu, nikimsikiliza akinong'ona silabi moja moja akitafuta herufi, na kwa mara ya kwanza tangu waje nyumba hii ilikuwa na maneno ambayo hayakuwa yangu.